Renske Hoekema na Mizani ya Getini

Bi. Renske Hoekema anastaafu tarehe 30 Juni, baada ya miaka ishirini na tisa kwenye geti la ghala la Zijlstra la kuhifadhi karavani, vijumba vya likizo vinavyovutwa na gari, nje kidogo ya mji wa Bolsward, Uholanzi. Muda wote huo amefanya kazi moja ambayo hakuna mteja aliyewahi kuiomba: kuhakikisha hakuna karavani inayoingia barabarani ikiwa imepakiwa hovyo. Hakupendwa kwa kazi hiyo. Tuliseme mapema, kwa sababu mwenyewe anachukia sifa za kupakwa mafuta.

Wasomaji wa jarida hili la ghala wanajua utaratibu. Karavani zinalala majira yote ya baridi kwenye mabanda ya vioo yaliyokuwa vitalu vya nyanya. Joto likianza, wenyewe wanazichukua, wanazijaza nyumbani, na siku ya safari wanalazimika kupita tena getini zikiwa na mizigo yake yote. Mzee Zijlstra ndiye aliyeweka sharti hilo, na asiyepita hupoteza nafasi yake ya mwaka unaofuata. Renske anaishusha pua ya karavani, ile ncha ya mbele inayofungwa kwenye gari, juu ya mizani ndogo, anasoma uzito, anakagua tairi, taa na waya wa breki ya dharura, kisha anakunja uso.

Anakunja uso kwa sababu ya viazi. Watu wetu wanaamini kwamba ukivuka mpaka viazi vinakwisha duniani. Basi wanabeba magunia, pamoja na jibini, kahawa, siagi ya karanga na hema la mbele, vyote vimesukumwa kwenye sanduku la puani. Gari linakaa kitako, magurudumu ya mbele yanakuwa mepesi, na usukani hausikii vizuri. Wakiambiwa wapunguze mbele, wanahamishia kila kitu nyuma kabisa. Hapo ni pabaya zaidi: pua inakuwa nyepesi, na upepo ukipiga, karavani inatikisa mkia mpaka ilivute gari pamoja nayo. Dawa ni maneno matatu, na Renske ameyasema hadi sauti ikakauka: katikati, chini, ekselini, yaani palipo na magurudumu.

Mpinzani wake mkubwa hakuwa upepo, bali bethdei. Tunajua sherehe zetu: viti vimepangwa duara sebuleni, kila mtu ana kikombe cha kahawa na kipande kimoja cha keki, na kila mwanamume ana ushauri kuhusu karavani. Ushauri huo ulifika getini kila mwaka.

"Ikianza kuyumba, unakanyaga mafuta, inanyooka yenyewe," mteja mmoja alimweleza.

"Nani kakwambia?"

"Shemeji yangu. Kwenye bethdei ya mama mkwe."

"Huyo shemeji anavuta karavani?"

"Hapana. Ana skuta."

Renske akamwambia, "Haya baba, msalimie. Sasa fungua mlango, nione viazi."

Mwaka jana Bw. Ruurd Zijlstra, aliyerithi ghala kutoka kwa baba yake, alitangaza kwamba Renske akistaafu, mizani nayo itastaafu. Foleni ilikuwa ikifika hadi daraja la mfereji, na wateja walikuwa wakihamia ghala jingine lisilouliza maswali. Hoja yake ilikuwa na uzito. "Shida ni kwamba yasipotokea mabaya, hakuna cha kumwonyesha mtu," Renske alituambia, akaenda kupima karavani iliyofuata. Tangu siku hiyo kila aliyemwambia "hongera kwa kustaafu" alijibiwa kwa mkato.

Mwezi Mei mwaka huu, siku moja kabla ya Sikukuu ya Kupaa, walikuja Douwe na Aukje Postma, wauza maua, wateja wetu wa miaka mingi. Douwe alibishana kama kawaida yake.

"Mama, tunaenda Ufaransa, siyo mwezini."

"Na mtafika, Douwe. Pua nzito. Toa magunia, weka katikati, chini, ekselini."

"Kila mwaka wimbo huohuo."

"Kila mwaka viazi vilevile."

Aukje alikuwa ndani ya gari akipiga miayo. Magunia yakawekwa mahali pake, pua ikapimwa upya, wakaondoka. Walipopinda kona, Douwe alisimamisha gari akayahamishia chini ya kitanda cha nyuma, kama alivyofundishwa kwenye bethdei ya kaka yake.

Yaliyofuata tumeyapata kwa Aukje. Walikuwa katikati ya Afsluitdijk, lile tuta refu lenye barabara, bahari kulia kwao na ziwa kushoto, upepo ukipiga ubavuni. Lori likawapita. Karavani ikavutwa upande mmoja, ikarudi upande wa pili, kila mara kwa nguvu zaidi, mpaka Aukje akaiona yote kwenye kioo chake. Douwe akajiandaa kukanyaga mafuta.

"Toa mguu," Aukje alimwambia. "Toa mguu, Douwe. Shika usukani unyooke, usifanye kingine."

Alikuwa ameyasikia maneno hayo kwa Renske kila kiangazi akiwa amekaa kwenye kiti kilekile, bila kujua kwamba anayasikiliza. Douwe alitoa mguu. Kasi ilipungua, mkia ukatulia. Kwenye maegesho ya kwanza waliyarudisha magunia ekselini.

Waliporudi, Aukje alikuja getini peke yake. Ruurd alikuwepo, amekuja kung'oa mizani mapema, wiki chache kabla ya Renske kuondoka, aiweke stoo.

"Hiyo unaipeleka wapi?" Aukje akamuuliza.

"Wateja hawaitaki, dada."

"Mimi pia sikuitaka. Irudishe chini."

Alisimulia yote, akataja na kona ambako mumewe alisimama. Ruurd alisema hana mtu wa kuifanya kazi hiyo, maana nani anataka kutukanwa majira yote ya joto? Aukje akajibu kwamba yeye ameolewa na Douwe miaka mingi, matusi ya getini hayatamshtua. Mizani ikarudi chini. Kuanzia tarehe 1 Julai atakayeisoma ni Aukje Postma, na wa kwanza kwenye foleni ni mumewe. Renske amekuwa akimfundisha wiki tatu sasa. Analalamika kwamba mwanafunzi ana huruma mno.

Renske hajawahi kumiliki karavani. Kila Julai amebaki nyumbani, madirisha yamefungwa asisikie zikipita. Kwa hiyo tulichanga tukamnunulia moja ndogo, ya mtumba, safi. Tulipomkabidhi aliizunguka, akainama, akasoma mwaka ulioandikwa kwenye tairi, akainuka. "Tairi limezeeka hili. Mlitaka niende nayo wapi?" Akaturudishia funguo.

Matairi mapya yameagizwa. Renske, asante kwa kutuchosha. Tunajua wengi waliofika salama, hata kama hawajui kwa nini. Tunakuombea barabara isiyo na upepo na mapumziko marefu. Siku utakayoondoka, pitia getini kwanza. Aukje amesema hata wewe utapimwa.