Jovia Mukunde, Mama Aliyeombolezwa Mara Mbili

Wasikilizaji wapendwa, popote mlipo Kigali na kwingineko, sogezeni viti tukae pamoja. Mimi ni Usumani Maneno. Leo tunamkumbuka Jovia Mukunde, mama wa Gitega, muuza sambaza wa soko la Nyabugogo. Alifariki Jumanne iliyopita kwa maradhi ya moyo. Ni mara ya pili familia yake kumwomboleza. Narudia, wasikilizaji: mara ya pili.

Mwaka wa korona, kabla tu mipaka haijafungwa, Jovia alikwenda Nyamasheke kununua hao sambaza, samaki wadogo wa Ziwa Kivu. Mchana, yeye na wachuuzi wenzake wakiwa kwenye boti katikati ya ziwa, upepo ulikuja na mvua. Boti ikapinduka. Jovia hakujua kuogelea. Alikamata jerikani tupu, akajifunga nalo kwa kitenge chake, akayaacha maji yampeleke.

Baadaye alimsimulia binti yake, Keza: "Niliogopa kusinzia. Nikaanza kutaja watu wote ninaowajua. Nilipofika kwa wale wa sokoni, nikagombana nao kichwani. Ile hasira ilinisaidia."

Mawimbi yalimbamiza kwenye mawe ya kisiwa cha Idjwi, upande wa Kongo. Mguu ukavunjika. Wavuvi walimwokota, wakampa nyumba na uji. Alikuwa hai, lakini nyumbani hakuna aliyejua. Simu ilikuwa imezama na namba zote. Tujiulize, wasikilizaji: wangapi kati yetu tunaijua namba ya mama kichwani? Kisha mipaka ikafungwa. Jovia alituma ujumbe kupitia watu wawili watatu. Haukufika.

Huku Gitega, habari ya boti ilipofika, mama yake mzazi alingoja mwili. Mwili haukupatikana. Mzee huyu, Mama Kubwimana, alilelewa Karagwe, Tanzania. Katika ukoo wao, mtu akipotea majini, huzikwa shina la mgomba mahali pake, ili roho isitangetange. Basi wakachukua shina la mgomba, wakalivisha gauni la Jovia, wakalizika katika shamba la familia kule Rwamagana. Matanga yakaisha.

Mipaka ilipofunguliwa, Jovia akarudi. Alifika asubuhi, akichechemea, akagonga mlango wa mama yake.

"Nani iko hapo?" mama yake akauliza.

"Ni mimi, Mama. Jovia."

Mzee akajibu kutoka ndani: "Jovia tulimzika. Mimi nilitupa udongo kwa mkono wangu."

"Mama, fungua uniguse."

Mlango haukufunguliwa.

Jirani yao, Uwimana, alimchukua Jovia kwake. Anakumbuka hivi: "Hakulia. Aliniambia, 'Maji nimeyashinda, sasa mlango wa mama yangu ndio unanishinda.' Nikamwekea maji ya kuoga."

Sokoni nako habari ilitangulia. Wengine walifurahi. Wengine walipita mbali na meza yake, eti samaki wa marehemu haliwi. Keza, aliyekuwa mwanafunzi wa sekondari, alikwenda kwa jirani kila siku na kukaa karibu na mama yake.

Uwimana ndiye aliyekwenda kwa mzee. "Mukecuru," alimwambia, kama wazee wa kike wanavyoitwa kwa Kinyarwanda, "huyu anakula, anakohoa, mguu unamuuma. Mzimu haupakwi dawa ya mguu."

Mama Kubwimana akasema: "Najua ni yeye. Niliijua sauti. Lakini lile jina liko ardhini. Hawezi kuingia nalo. Apewe lingine."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa, wasikilizaji. Mama mzima, mwenye binti wa sekondari, alipewa jina kama mtoto mchanga. Alikalishwa kwenye mkeka mbele ya nyumba. Watoto wa uchochoro ule waliitwa, wakapewa maharage na maziwa, na kila mmoja akapendekeza jina, kama desturi ya kwita izina, yaani kumpa mtoto jina, inavyotaka. Mmoja alisema aitwe Sambaza. Watu wakacheka, na Jovia akacheka pia. Kisha msichana mdogo, Shallon, akasema: "Garuka." Kwa Kinyarwanda, maana yake ni rudi.

Mama Kubwimana akainuka. Akamshika binti yake mkono. "Garuka," alisema, "ingia ndani, chai inapoa."

Kwenye kitambulisho alibaki Jovia. Sokoni na nyumbani alikuwa Garuka hadi mwisho. Mguu haukunyooka sawasawa. Ziwani hakurudi tena, samaki aliletewa. Wateja walirejea polepole, njaa ikiwa na nguvu kuliko woga.

Alizikwa juzi, mchana, na watu wengi. Nilimkuta Mama Kubwimana ameketi kando ya Keza. Nilimuuliza amewezaje kumzika mtoto mmoja mara mbili. Alinijibu kwa sauti ya kawaida: "Mara ya kwanza nililia mpaka nikaugua. Safari hii nimemuosha uso mwenyewe. Iko tofauti, mwanangu."

Tunampa pole Mama Kubwimana. Tunampa pole Keza, jirani Uwimana na watu wote wa Gitega na Nyabugogo. Mungu amlaze pema.

Nanyi wasikilizaji wapendwa, wako wengi mitaani kwetu wasiojua wapendwa wao waliopotea wamelala wapi. Mnawafahamu. Wengine wanaishi nyumba ya pili kutoka kwenu. Leo wapitieni, mkae nao kidogo, hata kama hamna la kusema.