Historia ya Raymundi, Aliyeandikwa Mita Mbili na Sentimita Tano

Padri wetu, wazazi, ndugu na majirani wa Goweko, mimi ni Levina, mdogo wake marehemu, familia imeniomba niwasomee maisha yake, nanyi mtanivumilia pale nitakapokwama.

Kaka Raymundi alizaliwa hapa Goweko tarehe 14 Machi 1991, mtoto wa kwanza kati ya watatu, akasoma shule ya msingi hapa hapa hadi mwaka 2005, kisha sekondari Tabora mjini, ambako vitanda vya bweni vilikuwa vifupi kwake, na mpishi wa shule, mama Sikuzani, ambaye leo yupo nasi, akampa kigoda cha kuegeshea miguu.

Mwaka 2012 aliitwa Dar es Salaam kucheza mpira wa kikapu wa kulipwa, akaichezea timu yake miaka kumi na moja, na karatasi ya timu iliandika urefu wake mita mbili na sentimita tano, ambao baba aliutaja kwa kila mgeni kabla hata ya kumpa kiti. Alifunga ndoa na Josepha kule Usoke tarehe 20 Agosti 2016, wakajaliwa watoto wawili, Agnetha na Vedasto.

Aliugua moyo mwezi Novemba 2024, akalazwa Tabora, huko nako kitanda hakikumtosha, na nesi Eustadia, kila alipoingia zamu, alisogeza benchi miguuni akaweka mto, bila kuombwa, hadi kaka alipotutoka asubuhi ya Ijumaa, tarehe 6 Juni 2025.

Fundi Majidi alipouliza vipimo vya jeneza, hakuna aliyefikiria kwenda kupima, tulijibu wote kwa pamoja, mita mbili na tano, na jana tulipomlaza ndani, miguuni ikabaki nafasi ya zaidi ya shubiri. Agnetha akaniuliza, "Shangazi, baba amepungua?"

Ndipo Fikiri, mchezaji mwenzake, akamwambia mama yetu kwa upole, "Mama, kwenye timu tulipimwa tukiwa na viatu, halafu katibu anaongeza kidogo ili wapinzani waogope, hata mimi kwenye karatasi nimempita mke wangu, nyumbani bado ananitazama kutoka juu." Watu walicheka, mama hakucheka, aliuliza ni lipi jingine la mwanawe lisilo la kweli, na tangu hapo kila ninachoandika nakitilia shaka, maana wapo majirani wanaosema hakuwa mrefu kiasi hicho, lakini hao alikuwa akiwainamia kila alipowaamkia. Baba amekataa apimwe sasa, kwa hiyo urefu wake siujui, na leo sitausoma.

Fundi Majidi aliona haya, akaleta msumeno ili alipunguze jeneza, mama akamshika mkono akamwambia, "Liache, baba. Huyu tangu shule hajapata kitanda cha kumtosha." Hilo nililiona kwa macho yangu, na hilo nalisoma bila wasiwasi.

Tunawashukuru madaktari na manesi, majirani mliotupikia, wachezaji wenzake mliosafiri kutoka mbali, na fundi Majidi, ambaye hadi sasa hajaondoka.

Kaka, safari hii nafasi ipo, nyoosha miguu, upumzike kwa amani.