Jibu ya Gene Ilikuta Balisha Kunilia

Ndugu zangu, dada zangu, na benye munachunga bagonjwa ku nyumba, asante kwa kunipa nafasi mu hii groupe yetu ya bagonjwa. Sitataja jina ya mutu, ju bengine beko hapa mu salle na tunasalimiana muzuri. Mais nawaambia mapema: ushuhuda yangu iko na hasira ndani. Mama mwenye anatuongoza aliniambia, "Sema vile ilikuwa." Donc nasema vile ilikuwa.

Nilikuwa mwalimu wa primaire ku Beni, mu Bungulu. Kichwa ilianza kuniuma kila asubui, na kutapika juu yake. Siku moja niko nasomea batoto dictée, baandike vile nasema, nikaanguka. Kuamuka, niko chini, batoto banatolewa inje, directrice amenishika kichwa. Balisema ni kifafa. Bengine balisema ni woga, ju ile wakati batu balikuwa banauawa mu mashamba kando ya muji, na sisi bote tulikuwa tunashituka mulango ikigongwa. Ku centre de santé balinipa dawa ya malaria. Nikarudi, balinipa tena dawa ya malaria. Naona munacheka. Ninyi pia mulikunywa ile dawa.

Kiisha maneno ikaanza kunipotea. Nataka kusema "chaki", nasema "chumvi". Batoto banacheka, mimi naenda kulia nyuma ya masomo.

Bwana yangu alikuwa anafanya kazi ya mizigo ku mupaka, ku Kasindi. Akasema tuvuke, twende Kampala, kule kuko scanner, mashine ya kupiga picha ndani ya kichwa. Kusema ni rahisi. Barabara ya Kasindi, hapana kupita bila konvoi ya basoldat. Tulikaa mu gari muchana muzima, malori mbele, malori nyuma, tunasikia risasi mbali, na kichwa yangu ni kama inataka kupasuka. Chauffeur ananiambia, "Mama, vumilia." Nilichoka ile neno. Nilikuwa navumilia tangu zamani.

Scanner ikaonyesha uvimbe mu bongo. Bakanipasua. Docteur wa operesheni akaita bwana yangu, akasema, "Tumetoa sehemu kubwa. Ingine imeshikana na fasi ya bongo yenye inaongoza maneno, hatukuigusa. Chini ya microscope inaonekana mubaya. Mujitayarishe."

Bwana yangu akamuuliza, "Tujitayarishe na nini?"

Docteur alishakwenda ku kitanda ingine.

Ni docteur mwanamuke wa laboratoire ndiye alikuja kukaa kando yangu. Alijua Swahili ya Kenya. Akasema, "Mama, mu kila seli ya mwili kuna gene, ni kama maagizo. Kuna moja inayoongoza namna seli inatumia sukari kupata nguvu. Katika uvimbe wa watu wengine, gene hiyo imebadilika. Watu hao mara nyingi wanaishi kuliko wale ambao gene yao haikubadilika. Hapa hatuna mashine ya kupima. Tutatuma kipande nje ya inchi."

"Na sasa tufanye nini?" bwana yangu akauliza.

"Munaenda nyumbani, anapona kidonda, munarudi kwa miale." Njo ile banaita rayons, ya kuchoma uvimbe yenye imebaki.

Ndugu zangu, shikeni ile neno: munarudi.

Hatukuweza kufika Beni, ju mu quartier yetu bauaji balikuwa bameingia na batu balikimbia. Tukakuja huku Butembo, kwa kaka mukubwa wa bwana yangu. Alitupokea muzuri, sikatai. Mais jamaa ikakaa kuongea juu yangu, na mimi niko nyuma ya rideau, pazia ya mulango, nasikia yote. Kaka mukubwa akasema, "Kwenda kukaa Kampala kwa ajili ya rayons, itaomba tuuzishe shamba. Tuuzishe shamba ju ya mutu mwenye anaenda kufa? Tungoje jibu ya ile gene. Kama ni ile mubaya, tumuache apumuzike."

Hakuna mwenye alipinga. Hata bwana yangu alinyamaza. Mama-mukwe alikuwa anakuja kuketi kando ya kitanda, ananishika mukono, analia kabisa, kiisha anauliza binti yangu nani atapewa bikwembe byangu, bitenge bya kuvaa. Niko hai, na bikwembe bishapata mwenyewe.

Tukangoja. Tunapiga simu: "Bado." Tunapiga tena: kipande bado iko mu njia. Tena: mashine ya kule imeharibika. Siku zingine hapana réseau ya simu, ju ya vita. Bagonjwa benzangu mu inchi za batu bengine banapata ile jibu na kunywa chai yao. Mimi, kipande ya kichwa yangu ilipanda ndege, na mwenyewe sikupata hata njia ya kurudi Kampala. Nilikuwa nageukia ukuta, nauma blanketi ju batoto yangu basisikie.

Jibu ilifika saa tunachambua maharagi. Bwana yangu akaweka simu haut-parleur, bote tusikie.

"Gene imebadilika," docteur wa laboratoire akasema.

"Njo mubaya?"

"Hapana. Kwa uvimbe huu, ni habari nzuri."

Bwana yangu akaanza kulia. Mama-mukwe akapiga vigelegele. Na kaka mukubwa, hapo hapo, akasema, "Basi, tuuzishe shamba."

Mungefikiri nilifurahi. Nilisimama, maharagi ikamwangika. Nikamuuliza, "Na kama ingekuwa ile ingine?" Akainama kuokota maharagi. Nikakamata simu. "Docteur, benye gene yao haikubadilika, banaachwa bafe?"

"Nani alikuambia hivyo?" akasema. "Kipimo kinatusaidia kupanga dawa. Hakichagui nani atibiwe. Mama, tulikuwa tunakungojea. Miale ilifaa ianze bila kungoja jibu. Kwa nini hamukurudi?"

Nilimupa kaka mukubwa simu, nikamwambia, "Mujibu wewe." Akanirudishia simu.

Tulirudi Kampala. Mu salle ya rayons nikakuta muzee mwenye alikuwa anachimba zahabu ku Manguredjipa, na bibi yake. Gene yake haikubadilika. Jamaa ilikatala kumuleta, bibi akamuleta kwa nguvu yake. Alimaliza rayons, akarudi kwao, akapatanisha batoto yake bawili benye walikuwa hawasemeshani. Kiisha akafa. Bibi yake aliniambia ku simu, "Ile wakati tulipata, hapana mutu ataniambia ilikuwa bure."

Mimi niko hapa. Nywele ya upande huu haioti, na scanner ya control, ya kuangalia kama uvimbe imerudi, nilikosa mara ingine ju barabara ilifungwa. Hasira haijaisha. Naona ni haki yake kubaki.

Nashukuru bwana yangu, mwenye alinyamaza siku moja lakini hakuniacha hata moja. Nashukuru yule docteur wa laboratoire, na bamama ba hii groupe benye walipikia batoto yangu. Kaka mukubwa naye, asante kwa shamba. Alishaniomba musamaha, nilimupa. Mwasingya, njo asante ya kwetu.

Fundisho yangu ni hii. Ile gene inasema habari ya batu bengi bakiwekwa pamoja. Ya mutu mumoja, haijui. Mukipewa kipimo, muulize docteur, "Tungoje, ao tuanze?" Muulize mbele ya jamaa yote, ju kila mutu asikie na maskio yake.

Na wewe mama mwenye umekaa karibu na dirisha, najua mutoto wako bado anangoja jibu, na ku nyumba banasema mungoje. Kesho asubui nitapita kukuchukua. Tutaenda kwa docteur sisi bawili, na yeye pia tumubebe.