Diski Iliyokataa Kuachia na Mama Aliyeingoja

Tarehe 28 Juni 2024 Mama Léocadie Nyiransabimana anastaafu, baada ya miaka thelathini kasoro wiki tatu. Aliingia ofisini kwetu Julai 1994, wakimbizi walipojaa Goma, akapewa daftari aandike majina ya watoto waliopotezana na wazazi wao. Daftari likawa kabati, kabati likawa kompyuta, mwandishi akabaki yeye yule.

Ni mama mpole mwenye sheria nyingi. Mandazi hayakaribii mashine. Mkurugenzi mwenyewe alishafukuzwa pamoja na kikombe chake cha chai, akaenda kunywea barazani.

Sheria kuu ni kwamba diski ya nje, inayotunza faili za watoto, haichomolewi mpaka kompyuta iseme imeiachia. Tulimtania sana, lakini alikuwa na sababu. Mwaka 2008, ofisi ikikimbia vita, mtu aliichomoa kwa pupa na faili za watoto arobaini na watatu zikaharibika. Mama alizunguka kambi za Munigi kwa miezi saba, kwa miguu, akiandika upya. Alisema kumwuliza mzazi tena siku aliyompoteza mwanawe ni kumliza mara ya pili, na yeye hatarudia.

Novemba 2012 milio ya risasi ilikaribia. Boti ilitungoja ziwani, bandari ya Kituku. Faili zote zilikuwa ndani ya diski ile moja, nayo kompyuta ikashikilia kwamba bado inatumika. Mama alifunga dirisha moja baada ya jingine kwenye skrini, wapi! Aliyepiga kelele kuliko wote, kwamba “Chomoa tu, mama, tutakufa juu ya kamashini?”, ni mimi ninayeandika haya, Damascène. Hata kuizima mashine alikataa, kwa kuwa huenda mwenzetu alikuwa bado anaandika faili ya mtoto. “Kuko mutu angali anaishika,” alisema, akaanza kufuata waya uliounganisha kompyuta zetu, chumba hadi chumba.

Waya ulimfikisha kwenye meza yangu. Kompyuta yangu ilikuwa imebaki na picha moja wazi, iliyofunguliwa kutoka diski ile ile: Clarisse Umugwaneza, miaka sita, aliyepotea 2008 njiani kutoka Masisi. Ni mdogo wangu. Sikuwahi kumwambia mtu. Kila asubuhi niliifungua, kisha nikaifunika kwa madirisha ya kazi bila kuifunga. Mama aliitazama, akanitazama, akaifunga taratibu. Diski ikaachia. Akaiviringisha kwenye kitenge, tukashuka ziwani. Niliona haya mpaka Bukavu.

Huko, faili ya kwanza aliyofungua ilikuwa ya Clarisse. Aliandika barua kumi na moja na kupigia simu parokia hadi mapadri wakamzoea sauti. Machi 2013 Clarisse alipatikana Minova, kwa familia iliyomlea vizuri. Mama hajawahi kuniuliza kwa nini nilificha. Ninampenda kwa hilo pia.

Mama Léocadie, asante kwa kila jina. Pumzika kwako Katoyi, ule mandazi popote utakapo, na Mungu akupe miaka mingi ya usingizi mtulivu. Kuhusu diski usihofu. Jumatatu kiti chako anakikalia Clarisse. Juzi nilimhimiza aichomoe haraka twende kula. Alinitazama kama ulivyonitazama siku ile, akaniambia ningoje.