Wali wa Omena wa Nzembi

Foleni ya basi la Kawangware pale Olympic ilikuwa haisongi, kwa hivyo nikasikia yote. Jirani yangu Nzembi, Mkamba aliyeolewa na Mjaluo, alikuwa akimsimulia mama mmoja aliyekutana naye hapo hapo.

“Mama mkwe alikuja. Nikakaanga wali ya jana na mayai na tangawizi, vile Mchina bosi wangu wa kazi anapenda. Halafu nikaweka omena, dagaa ya kwao ziwani.”

Mama alimeza mate. Mimi pia. “Akakula?”

“Akamaliza sahani, akauliza ugali iko wapi. Sijui kama alinitusi.”

“Msichana wangu, hajakutusi, amekubali hiyo ni mboga ya kulia ugali. Mama mkwe wangu alikubali yangu baada ya miaka saba.”

“Lakini ilikuwa chakula yote, si mboga.”

Basi likasimama. Mama akampisha Nzembi apande mbele, heshima ambayo sijawahi kuiona kwenye foleni ile.