Mkanda wa Enoka Chini ya Picha ya Jenerali

Wapendwa waombolezaji, mlioacha mashamba na biashara zenu kuja hapa Munkunyu, familia inawasomea maisha ya Kezironi Tsongo, na kwa kuwa yeye mwenyewe aliagiza asisifiwe bure, tutayasoma na yale yanayouma.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1958 hapa hapa Munkunyu, kifungua mimba wa mzee Kosmasi na mama Musoki, akamaliza shule ya msingi mwaka 1973, akaenda Bwera kujifunza useremala, na mwaka 1984 akafungua duka lake la fremu za picha karibu na soko, ambako kioo chake hakikuwahi kulegea, wala yeye hakuwahi kukubali kwamba amekosea kipimo. Tarehe 6 Desemba 1986 alifunga ndoa na Olivia kanisani Kasese, Mungu akawajalia watoto wanne.

Mwaka 1997 mdogo wake Enoka, askari, aliuawa vitani huko milimani, mwili haukupatikana, mwenzake akaleta mkanda wake tu. Desturi yetu mnaijua, asiyepatikana huzikiwa shina la mgomba pamoja na kitu alichokivaa, ili nyumba iache kumngoja. Mama Musoki aliuomba mkanda, Kezironi akakataa, akisema udongo utamla Enoka mara ya pili lakini kioo kitamtunza, akaupanga katika fremu pamoja na maganda ya risasi na chupa ya maji iliyotobolewa, vitu vilivyookotwa mashambani baada ya vita, na juu yake akaweka picha ya jenerali aliyemwongoza Enoka vitani. Watu walitoka hata Kasese kuja kuitazama, maafisa wakaagiza za kwao, naye akaitwa Afande Fremu, na jina hilo, tuseme kweli, lilimnogea.

Mama alimfuata dukani mara nyingi, na mara ya mwisho, mwaka 2009, alimwambia, “Kezironi, huyu ni mutoto yangu, si pambo ya jenerali.” Alifariki mwezi uliofuata, sahani aliyokuwa akimwekea Enoka kila mlo ingali mezani. Majuto ni mjukuu, Kezironi aliigeuza fremu ikatazama ukuta, lakini aliona haya kuifungua, akaishi na aibu hiyo miaka kumi na mitano, na sisi tuliomwona akizeeka nayo tulishindwa kumsaidia.

Alianza kuugua figo Agosti 2024, akatibiwa Bwera na Kasese, na tarehe 9 Februari 2025, saa kumi alasiri, akafariki mikononi mwa Olivia, baada ya kumwagiza akivunje kile kioo.

Olivia alikivunja jana. Ndiyo maana mnaona makaburi mawili, hilo dogo, kando ya mama, ni la shina la mgomba lililofungwa ule mkanda. Dukani jenerali amebaki peke yake, na chini yake pana mstari mweupe pale mkanda ulipokuwa.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, majirani waliochimba mara mbili bila kuuliza, na mafundi wenzake wa Bwera waliolitengeneza jeneza kwa vipimo alivyoviandika mwenyewe.

Mama Musoki, ile sahani sasa tunaiondoa. Kezironi, Enoka, pumzikeni kwa amani.