Shangazi wa Karakana na Mkwaruzo wa Kushoto

Ifikapo tarehe 30 Juni, fundi wetu mkuu wa sauti, ambaye jumba zima la muziki linamwita Shangazi, atakabidhi funguo za karakana baada ya miaka thelathini na mmoja ya kazi. Bisibisi zake anaondoka nazo, na asithubutu mtu kumwomba hata moja.

Alianza kwa kukunja nyaya jukwaani. Wanaokumbuka enzi hizo wanasema kila amplifaya ilipofunguliwa alichungulia mabegani mwa mafundi, mpaka wakachoka kumfukuza wakampa kiti. Baadaye akawa bosi wao.

Sheria yake ni moja: mashine ikikwaruza, usikimbilie kuifungua. Badilisha nyaya kwanza, wa kushoto uende kulia, uone kasoro inahama au inabaki. Ukishika bisibisi kabla ya hapo utasimangwa mpaka jioni. Mumewe anatuambia kwamba hata nyumbani, chakula kikiungua, sufuria huhamishiwa jiko la pili kwanza ndipo alaumiwe mpishi, ambaye ni yeye mume.

Miaka sita iliyopita alikuwa anafufua amplifaya kuukuu ya ukumbi mkubwa, ambayo uongozi ulishaamua itupwe. Alibadilisha kapasita zilizochoka, akalehemu upya viungo vilivyolegea, akasafisha swichi. Sisi tukasikia sauti safi kabisa. Yeye akashikilia kwamba kushoto bado kunakwaruza, na kwamba masikio yetu ni mapambo tu.

Akabadilisha nyaya, mkwaruzo ukabaki kushoto. Akahamisha spika, ukabaki kushoto vilevile. Mwishowe akageuza kiti na kuzipa spika mgongo. Mkwaruzo ukahamia spika ya pili, ile ambayo sasa ilikuwa upande wa sikio lake la kushoto. Amplifaya ilikuwa nzima. Lililoharibika lilikuwa sikio.

Fundi wa sauti bila masikio kazi hana, na hilo alilijua kuliko sisi. Angeweza kunyamaza, nani angemgundua? Asubuhi yake alikwenda kwa meneja akajisema mwenyewe, akaomba kila mashine anayoitengeneza isikilizwe pia na mwenzake kabla ya kutoka. Tangu hapo hakuna hata moja iliyorudishwa, na amplifaya ile inapiga hadi leo. Tuseme wazi: kufanya kazi na mtu wa namna hii kumetuvimbisha kichwa.

Mwezi uliopita meneja alimbembeleza aongeze walau mwaka mmoja. Alikataa. Daktari amemwambia sikio la kulia nalo limeanza kuchoka, na Shangazi amesema kilichobaki si cha spika tena, ni cha wajukuu.

Ahsante sana, Shangazi wetu. Tunakutakia nyumba yenye makelele mengi ya watoto, na miaka mirefu ya kuyasikia.